Gari Langu Lina Dini Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Nimesimama kikaoni nikasema jambo ambalo sasa ni lazima liwe kweli.

Nieleze kwa utaratibu. Shule yangu (niliyoiongoza hadi nikastaafu, na ambayo bado naiita yangu, mke wangu apende asipende) inafungua maktaba tarehe kumi na tano. Mgeni rasmi ni Jaji. Huyu Jaji alikuwa mwanafunzi wangu: dawati la mbele, upande wa kushoto, maswali mengi. Atashuka kwenye treni, na sharti apokewe stesheni kwa gari la heshima. Kamati ikauliza: gari la nani?

Kabla sijafungua mdomo, Mkaguzi alikuwa amekwisha simama. Mkaguzi ni jirani yangu, ua kwa ua. Enzi zetu alikuwa mkaguzi wa shule, na hata leo akija kwangu kuazima chumvi hupitisha kidole juu ya rafu kutafuta vumbi. Akasema gari lake lina muziki. Akasema mtu wa hadhi ile hasafirishwi kimyakimya kama gunia la mkaa. Wajumbe wakaguna. Kuguna kule sikukupenda.

Nikasimama. Nikasema gari langu nalo lina muziki. Tena si muziki wa kuokoteza bali mfumo kamili, na ndani ya mfumo huo Jaji atausikia wimbo wa shule. Wimbo wa shule niliutunga mimi. Kwaya ya darasa la Jaji ndiyo iliyourekodi, na ninao kwenye flashi. Nikakohoa kidogo, wajumbe wapate nafasi ya kukumbuka mtunzi ni nani.

Mama Mwenyekiti ni mtu wa haki. Akaamua kwamba Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, kamati itayakagua magari yote mawili. Litakaloshinda ndilo litakalompokea Jaji.

Gari langu halina muziki. Lina tundu. Redio yake, ile ya kanda, ilikufa zamani, na mahali pake nimechomeka kitambaa cha kufutia kioo. Lakini tundu ni nusu ya redio. Nusu iliyobaki ni mipango.

Jumanne, 4 Machi

Bajeti imekamilika. Nzuri mno! Nimeipiga mistari kwa wino mwekundu.

Watu wengi hudhani bajeti ni orodha ya manunuzi. Kosa. Orodha husema unataka nini. Bajeti husema wewe ni nani. Yangu ina mafungu manne: Redio, Spika, Waya na Fundi, na Dharura. Chanzo cha fedha ni akiba yangu ya uzeeni. Nimekwisha kuwa mzee, kwa hiyo wakati wake umewadia.

Nilimsomea mke wangu barazani huku yeye akishona. Ni mshonaji, mlio wa cherehani yake ndio saa ya nyumba hii. Nilipofika kifungu kidogo cha fungu la tatu, akasimamisha gurudumu. Akauliza, Mwalimu, tundu lenyewe umelipima? Akaongeza kwamba yeye hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye mwili. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni mifano isiyolingana. Binadamu hunenepa, magari hayanenepi. Kwa hiyo matundu ya magari ni sanifu, na hiyo ndiyo faida ya kiwanda. Akanitazama juu ya miwani. Cherehani ikaendelea. Nimeichukulia kuwa kura ya ndiyo.

Mchana nikampigia simu muuzaji wa redio za magari. Mtu mchangamfu. Akaniuliza, bila hata haya: mzee, gari yako ni dini moja au dini mbili?

Madukani nimeulizwa mengi katika umri huu, mpaka idadi ya wajukuu. Dini, kamwe! Tena dini ya gari! Lakini mwalimu hakasiriki, huelimisha. Kwanza nikamsahihisha kwamba ni gari lako, si gari yako. Pili nikamfahamisha kwamba gari ni chuma na halina dini, ila mwenye gari anayo, nayo ni moja, ileile ya baba yake na ya mke wake, na nyumbani kwetu hapajatokea ubishi wowote juu ya hilo. Akasema haya, mzee, dini moja basi, usiwe mkali. Akanitajia bei.

Rahisi! Nikauliza, na wale wa dini mbili? Akasema lo, hao bei yao iko juu, karibu maradufu, ila siku hizi ndio wengi, hasa wenye magari ya kisasa.

Nimelitafakari hili jioni nzima. Sina ubaguzi, nina wakwe wa kila upande na tunakula sahani moja. Lakini ni kweli kwamba nyumba ya dini mbili ina sikukuu nyingi zaidi, na mwenye kumudu sikukuu nyingi anaweza kumudu redio ya bei. Muuzaji ameligundua hilo na anatoza watu kulingana na uwezo. Mfanyabiashara mwenye fikra!

Nimeagiza. Akanionya kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Nikamwambia nami nikishaamua sirudi. Tumeelewana sana. Salio la fungu la Redio nimelihamishia Dharura, ambayo sasa ni nono kuliko dharura yoyote iliyowahi kunipata.

Alhamisi, 6 Machi

Imewasili! Nyeusi, nyembamba, ina vitaa vya buluu na kijitundu cha kuchomeka flashi. Nimeilaza katikati ya meza ya chakula, tukala pembeni yake. Mke wangu akauliza kama ahamie jikoni ili mgeni anyooshe miguu. Nikamwambia redio haina miguu.

Jioni nikaitoa uani, karibu kabisa na ua, nikaifuta vumbi. Haikuwa na vumbi. Mkaguzi akatokeza kichwa, kama nilivyotarajia. Akaikodolea macho. Akauliza kama hiyo ni redio au kisahani cha sabuni. Nikamjibu kwamba kitu kadiri kinavyoendelea ndivyo kinavyokuwa chembamba: atazame saa, atazame simu. Kisha nikatazama tumbo lake, nikanyamaza. Kunyamaza nako ni ufundi.

Akacheka kicheko cha mtu aliyechomwa mwiba. Akasema tutaonana Ijumaa, Mwalimu Mkuu. Hilo neno Mkuu alilitema kama mbegu ya chungwa.

Bao moja, sifuri.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja. Watu wote wanamwita Besi, na yeye mwenyewe hujiita hivyo kana kwamba anamsema mtu mwingine: Besi hakosei, Besi amefunga magari ya wakubwa, Besi akifunga spika hata mende wanahama. Shikamoo yake lakini ni nzuri, ya kuinama. Nikamkaribisha kiti nimweleze bajeti. Kabla sijamaliza utangulizi alikuwa amekwisha ing'oa dashibodi.

Akachukua redio yangu, akaisogeza kwenye tundu. Ikaingia. Ikazidi kuingia. Juu imegusa, chini pengo tupu, kama jino moja kwenye kinywa cha kibogoyo.

Besi akacheka mpaka akauegemea mlango. Akasema mzee wangu, umenunua dini moja, na gari yako ni dini mbili!

Nikamwambia, kwa sauti yangu ya mstarini, kwamba gari langu halijabadili dini tangu nilinunue.

Ikabidi anieleze huku akijifuta machozi. Kumbe “din” ni kipimo cha tundu la redio! Din moja ni tundu la redio nyembamba, kimo cha vidole vitatu. Din mbili ni maradufu, tundu la kuingia tofali. Imani haihusiki popote.

Nikaketi kwenye kile kiti nilichomwekea yeye. Kisha, kwa kuwa kosa lisiloelezwa ni makosa mawili, nikamweleza Besi hasa kilichotokea. Neno hili limetufikia likiwa limekatwa mkia, halina irabu mwishoni. Kiswahili hakipendi neno liishie hewani. Kwa ukarimu wake hulipatia irabu ya kukalia. Ndivyo tulivyopata basi, ndivyo tulivyopata benki, na yeye mwenyewe, nikamwambia, asingekuwa Besi bila ukarimu huo. Muuzaji akaipa “din” irabu yake, ikawa dini. Kwa hiyo mimi sikusikia vibaya. Nilisikia barabara neno jingine.

Besi alisikiliza kwa adabu, bisibisi kifuani. Akasema nimekuelewa kabisa, mzee. Ila tundu bado ni kubwa.

Akanishauri ninunue nyingine. Siwezi! Mtu na heshima yake hanunui redio ya pili kwa sababu ya irabu moja. Nimeamua lile pengo lizibwe kwa fremu ya mbao, kazi ya seremala. Besi akasema hajapata kuona dashibodi ya mbao. Nikamwambia ni kwa sababu hajaona magari ya wafalme. Mimi pia sijayaona, lakini hakuniuliza hilo.

Jambo la pili: akauliza waya wa moto upitie kwenye ufunguo au uende moja kwa moja kwenye betri. Ukipitia kwenye ufunguo, redio huzimika gari likizimika. Ukienda moja kwa moja, redio huimba hata gari likiwa limelala. Nikauliza wakubwa hufungiwa ipi. Akafikiri, akasema wakubwa wana dereva wa kuwakumbusha kuzima. Nimechagua ya moja kwa moja. Akanisihi nisisahau kuzima, maana betri yenyewe ni ya uzeeni. Nikamwambia anazungumza na mtu aliyeongoza shule nzima kwa kengele moja.

Alipomaliza, skrubu moja ilibaki mkononi mwake. Akaapa kwamba gari lilizaliwa nayo ya ziada.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameuliza kazi imeendaje. Nikasema kuna marekebisho madogo ya muundo. Akauliza madogo kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole.

Hakusema neno juu ya kupima. Neno moja hakusema! Aliweka kitambaa mezani, akachukua futi yake, akapima mara mbili taratibu mbele yangu, akaandika kwa chaki, akakata. Nyumba nzima ilijaa kutosema kwake.

Nikaona bora nimweleze habari ya irabu, aone kwamba tatizo lilikuwa la lugha. Nilipofika kwenye dini ya baba yangu akaomba ruhusa, akatoka uani. Nikamsikia akicheka, kicheko cha kushika mbavu. Baada ya muda, upande wa pili wa ua, mtu mwingine akacheka pia.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi amenisalimu asubuhi kwa adabu isiyo ya kawaida. Akauliza watu wa nyumbani hawajambo. Akauliza gari limeamkaje, na kama limekwisha sali.

Sikumjibu. Nilikuwa nimejaza maji kinywani, napiga mswaki. Bahati yake.

Jumatano, 12 Machi

Fremu imekamilika. Seremala hutengeneza madawati na majeneza, na inaelekea hana ila rangi moja ya kung'arishia. Mke wangu aliichungulia kupitia dirisha la gari. Akasema marehemu amependeza. Mimi naona imetulia, ina hadhi. Redio imekaa juu, mbao chini, na kwenye mbao seremala amechonga, kwa maelekezo yangu, kitabu kilichofunguliwa. Kidogo kinafanana na kipepeo. Dashibodi ya pili ya namna hii sidhani kama ipo.

Besi amerudi kufunga spika. Mbili milangoni, na moja ya kishindo, kubwa kama mtungi, kwenye buti. Aliijaribu kwanza kwa muziki wake mwenyewe. Sufuria za mke wangu zilisogea rafuni. Mkaguzi alifunga madirisha yote ya upande wetu. Nilimwomba Besi arudie.

Fungu la Dharura limefariki leo mchana kwa ajali ya seremala. Lilikuwa nono, likaondoka ghafla. Limeacha mjane mmoja, fungu la Waya na Fundi, ambalo nalo hali yake si nzuri.

Besi alipoondoka nikafunga milango ya gari, nikachomeka flashi. Kwaya ikaanza. Watoto wale! Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ya kwanza, ile inayoanza peke yake kabla ya wengine kuingia, ni ya Jaji. Wakati ule hakuwa Jaji. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaota, na kila “s” ilitoka kama filimbi.

Shule yetu, nuru yetu, twaja kwako asubuhi,
Tuongoze, tufundishe, mpaka jua litue.

Yeye hajausikia tangu siku ile tulipourekodi, maana hapakuwa na mtu aliyepewa nakala. Lazima ausikie. Ndani ya gari langu.

Niliusikiliza mara moja, nikatoka, na sikumweleza mtu chochote. Mke wangu aliniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda. Kisha kikatokea kitu kingine.

Kamati ilifika saa tatu. Walianza kwa Mkaguzi. Gari lake ni jeupe, viti vina vifuniko vya nailoni ambavyo hajawahi kuvitoa, na muziki wake ni wa mapenzi: mtu analia kwamba ameachwa. Sauti ilikuwa safi, nakiri. Lakini nikawanong'oneza wajumbe: Jaji aje kufungua maktaba, apokewe na mtu aliyeachwa? Wakaguna. Kuguna huku nilikupenda.

Wakahamia kwangu. Nilikuwa nimeliosha gari, nikaliegesha mbele ya baraza, milango wazi kama mbawa. Wakaisifu fremu. Mjumbe mmoja alisema hajapata kuona kipepeo mzuri kama huyo. Nikabonyeza. Sauti ile ya mtoto ikaanza peke yake, kisha kwaya ikaingia, kisha spika ya kwenye buti ikaingia chini yake, na Mama Mwenyekiti akatoa leso. Akasema hapana haja ya kura. Mkaguzi akatazama viatu vyake.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini ushindi usioelezwa huonekana kama bahati! Nikawaomba wajumbe waketi kidogo, nikachukua bajeti, nikawapitisha fungu kwa fungu, huku wimbo ukiendelea kwa sauti ya chini ili kuyapa maelezo mandhari. Nilieleza maana ya mpango. Nilieleza tofauti ya makisio na matumizi. Nilieleza habari ya irabu, kwa kuwa Mkaguzi alikuwa amekwisha isambaza kwa namna isiyo ya kitaalamu. Mjumbe wa pembeni alifumba macho ili asikilize vizuri zaidi. Mke wangu alipita na sinia ya vikombe, akaninong'oneza, Mwalimu, zima kwanza hiyo redio. Nikamwashiria asubiri maswali.

Nilikuwa kwenye fungu la tatu vitaa vya buluu vilipofifia. Wimbo ukakatika. Ukarudi. Ukakatika moja kwa moja. Nikaingia kuwasha gari. Tk. Nikajaribu tena. Tk.

Mkaguzi akauliza kama gari limeingia kwenye mfungo.

Mama Mwenyekiti alisikitika kwa dhati. Akasema, Mwalimu, wimbo wako ni mzuri, lakini Jaji hawezi kuachwa stesheni. Kwa hiyo atapokewa na Mkaguzi. Nikaomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba gari langu lilishindwa na betri, halikushindwa na gari jingine. Imeingizwa.

Mke wangu ameniletea chai bila kuulizwa, akaketi karibu nami. Akasema pole. Hiyo pole ndiyo iliyoniuma. Ningependa angecheka.

Lakini mtu aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha. Stesheni ni ya Mkaguzi, sawa. Njia ya stesheni hadi lango la shule, ya Mkaguzi. Lango lenyewe je? Lango halina mwenyewe! Nimempigia Besi simu. Betri itachajiwa usiku kucha kwake.

Jumamosi, 15 Machi

Leo naandika kwa wino mwekundu.

Alfajiri nilikuwa langoni. Niliegesha kando ya barabara, matako ya gari yakitazama upande atakaotokea Jaji, buti wazi, spika imetoa uso. Besi alikuja kukagua. Akasema Besi angekuwa jeshini, hivi ndivyo angepanga mizinga. Akaniusia: mzee, usiwashe mpaka umemwona.

Nilimtii kwa sehemu. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wakipita, wanauliza hiki ni kitu gani, na siwezi kumwacha mtu na swali. Niliwapigia kidogo, nikawaeleza. Wakaja wengine. Nikawaeleza hao pia.

Kisha gari jeupe likatokea kwenye kona. Vioo vimepandishwa, na hata kwa mbali nilimsikia yule mtu wake akilia kwamba ameachwa. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. Mtoto yule akaanza kuimba. Mkaguzi akaongeza sauti ya kwake. Mlinzi wa lango akaziba masikio kwa mikono yote miwili, rungu likaanguka. Gari likanikaribia. Likanifikia. Likanipita.

Likapita! Nilimwona Mkaguzi akitabasamu nyuma ya kioo.

Halafu taa nyekundu za breki. Mlango wa nyuma ukafunguka kabla magurudumu hayajatulia, na mwanamke mtu mzima, mwenye mvi kiasi na kilemba cha fahari, akashuka katikati ya barabara. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya dawati la mbele. Alikuwa akijisikiliza.

Nikajua atalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na leso.

Akacheka! Akafungua kinywa akaimba juu ya kwaya, na maneno hayakuwa yangu:

Mwalimu we, chonde chonde, umeanza asubuhi,
Waeleza, waeleza, mpaka jua litue.

Na nikasikia wengine. Wazazi! Watu wazima na watoto mgongoni, wote waliopita mikononi mwangu, wakaitikia bila kukosea hata neno. Mwashi aliyejenga maktaba akaimba. Mlinzi akaimba. Mke wangu, chini ya mwavuli wake, akaimba, kwa hiyo aliujua siku zote na hakuniambia. Mkaguzi naye alikuwa akigonga usukani kwa mdundo.

Niliwasikiliza mpaka mwisho. Nikahesabu mizani kwenye vidole. Nane kwa nane! Haikupungua hata moja! Watoto wa darasa la pili, nyuma ya mgongo wangu, bila kusimamiwa, na mizani imetimia. Mwalimu gani mwingine anaweza kusema hivyo? Watunzi wengi hufa bila mtu kuimba maneno yao. Wimbo wangu umepata maneno mara mbili.

Jaji akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema shikamoo Mwalimu. Akasema mawakili husimama mbele yake wakaeleza tangu asubuhi hadi jioni, na wenzake husinzia, na watu humwuliza yeye anawezaje kukaa macho. Huwajibu kwamba alizoezwa tangu utotoni. Akasema hayo machoni pa Mkaguzi! Nikatumia ile leso.

Kisha akaomba, yeye mwenyewe aliomba, sehemu iliyobaki hadi maktaba aingie katika gari langu. Nikamfungulia mlango. Akaingia, akaishangaa fremu, akasema kipepeo huyu ni mzuri. Nikazungusha ufunguo.

Tk.

Halafu Jaji akashuka, akavua viatu, akamkabidhi mke wangu pochi, akaenda nyuma ya gari kulisukuma. Watu wakamzuia, akasema aliyefunguliwa mlango na Mwalimu haliachi gari lake njiani. Na mgeni rasmi akisukuma, nani atakaa pembeni? Mama Mwenyekiti akasukuma. Besi akasukuma huku akitoa amri. Mkaguzi akazunguka gari mara mbili akitafuta kazi ya hadhi zaidi, akaikosa, akaweka bega. Nimemwona kwenye kioo: jasho, ulimi nje. Mimi nilibaki kwenye usukani. Gari haliwezi kwenda bila mtu kwenye usukani, hiyo ni sheria.

Tukaingia hivyo hadi mlangoni pa maktaba, wote wakiimba, wimbo wangu kwa maneno yao.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kumbukumbu sahihi: Jaji alifika maktaba na gari langu. Kwamba mmoja alikuwa ndani na mwingine nyuma ni suala la mpangilio wa viti tu.

Jumatatu, 17 Machi

Tathmini ya mradi. Malengo: yametimia. Muda: umezingatiwa. Bajeti: imezingatiwa yote, na nyingine kidogo.

Funzo lililopatikana ni moja, lakini kubwa. Umma una kiu ya maelezo. Nimelithibitisha Jumamosi: umati mzima unakumbuka, baada ya miaka yote hii, kwamba nilieleza mpaka jua likatua. Mtu hakumbuki kitu ambacho hakukipenda. Na mimi nimekuwa nikiwanyima tangu nistaafu! Naeleza nyumbani kwa mtu mmoja na cherehani yake.

Kwa hiyo mradi wa pili unaanza leo. Kipaza sauti karibu na usukani, na spika mbili za tarumbeta juu ya paa la gari, moja ikitazama mbele, moja nyuma, ili nieleze mambo mbalimbali huku nikiendesha taratibu mitaani. Nitaanza na sarufi. Bajeti imekamilika, ina mafungu mawili tu. Fungu la Dharura nimelifuta, kwa kuwa dharura zote zilitokea kwenye mradi wa kwanza. Muuzaji ameniuliza maswali mawili matatu kwenye simu. Nimeyajibu yote papo hapo, bila kusitasita. Mali inakuja Alhamisi.

Nimewatangazia majirani kwenye ua. Wameupokea mradi vizuri kuliko nilivyotarajia. Hivi sasa ninapoandika, mke wangu ameegemea ua akimwuliza Mkaguzi pamba inauzwaje siku hizi, na Mkaguzi anasema nyumbani kwake pia inahitajika, tena nyingi, bora wanunue gunia zima wagawane.

Nimeguswa sana. Nadhani wananishonea mto wa kiti cha dereva.